Fumbo la Wajukuu Wanne

Ofisi ya jarida la parokia pale Mikinduri ilikuwa chumba kimoja chenye meza mbili na dirisha linalotazama soko. Asubuhi hiyo ya Ijumaa dirisha lilikuwa limefungwa na pazia limevutwa, ingawa nje kulikuwa na jua zuri na kelele za wauzaji wa miraa. Inspekta Cicily Gacheri hakuuliza kwa nini. Alikuwa ameingia katika nyumba nyingi za watu waliopotelewa, na alijua kwamba hofu ikishaingia ndani, watu hufunga madirisha.

"Hii hapa, madamu," alisema Maxine, msichana mwembamba aliyepanga kurasa za jarida. Aliisogeza bahasha ya kaki kwa ncha ya kalamu, kana kwamba ingeweza kumuuma. "Niliikuta jana asubuhi chini ya mlango. Nikaifungua mara moja tu, sijaigusa tena."

"Umefanya vizuri sana. Nani mwingine ameiona?"

"Mimi na dada Kajuju tu."

Kajuju, binti ya Mwalimu Kaberia, alikuwa ameketi pembeni, mikono mapajani. Baba yake, mwalimu mstaafu wa hesabu, alitoka nyumbani Jumapili baada ya misa akasema anakwenda kumwona rafiki na atarudi kesho yake. Hakurudi. Mbele ya Kajuju palikuwa na kikombe cha uji ambacho hakukigusa. Kila uji ulipopoa, Maxine aliurudisha kwenye sufuria, akaupasha moto, akamimina tena. Gacheri alikuwa hapo kwa nusu saa na alikuwa amemwona akifanya hivyo mara tatu.

Alivaa glavu, akatoa karatasi mbili. Ya kwanza ilikuwa barua fupi: *Nimepata mahali patulivu pa kupumzika. Msinitafute. Fumbo la watoto la Jumapili hili hapa. Kaberia.*

"Mwandiko ni wa baba?"

"Ni wake," alisema Kajuju. "Hiyo K yenye mkia ni yake kabisa."

"Basi si yuko sawa?" aliuliza Konstebo Bundi, dereva, aliyekuwa amesimama mlangoni. "Mtu akiandika, ni mzima."

Mkubwa wao kituoni, alipoelezwa habari za barua hiyo, alikuwa amesema hivyo hivyo saa moja asubuhi. Mtu mwenye akili zake ameandika kwa mkono wake kwamba asitafutwe. Simu ya Mwalimu ilikuwa imepatikana Jumatano jioni, imezimwa, ndani ya gunia la majani ya migomba sokoni Kangeta, na jana kutwa askari sita walizunguka Kangeta wakiuliza kila mfunga miraa, wakarudi na viatu vyenye matope na bila jibu. Faili ifungwe, alisema mkubwa. Gacheri aliomba siku moja tu. Alipewa hadi jioni.

"Yuko mzima lakini dawa yake iko hapa," alisema Kajuju. Aliinua kikasha kidogo cha plastiki chenye barafu. "Insulini. Alibeba ya jioni moja na asubuhi moja. Muuguzi wa kliniki ya sukari alinipigia Jumanne, akaniuliza mbona Mwalimu hajafika. Jana akanipigia tena, kwa simu yake mwenyewe. Aliniambia baba akila kwa uangalifu sana anaweza kwenda siku tano. Labda sita."

Hakuna aliyehesabu kwa sauti. Ilikuwa siku ya sita.

Gacheri aliigeuza karatasi ya pili. Juu palikuwa na jedwali lililochorwa kwa rula, mistari yake imenyooka kama safu za michai. Chini yake palikuwa na maneno haya:

*Mzee Njoka ana mwana mmoja, na mwana huyo ana watoto wanne wa kiume: Njoka, Mutegi, Muthomi na Kithinji. Kila mtoto anafuga kitu kimoja: nyuki, mbuzi, kuku au sungura. Nani alizaliwa wa ngapi, na anafuga nini?*

*1. Kifungua mimba anafuga nyuki.*
*2. Kithinji ni kitinda mimba.*
*3. Muthomi ndiye anayemfuata Mutegi kwa kuzaliwa.*
*4. Mfuga sungura hana mdogo wake.*
*5. Mfuga kuku ni mdogo wa mfuga mbuzi.*

"Niambie Mwalimu hufanyaje kazi," Gacheri alimwambia Maxine. "Polepole. Mimi darasani nilikuwa nakaa nyuma."

Maxine alitabasamu kidogo, kwa mara ya kwanza. "Huanza na jibu. Anajua kila mtu na kitu chake kabla hajaandika neno. Halafu anaandika madokezo, mengi, kama kumi na tano. Halafu anaanza kuyatoa, moja moja. Akitoa dokezo na fumbo bado linatatulika, hilo dokezo ni mzigo, analitupa. Akitoa na fumbo linavunjika, analirudisha. Akimaliza, kila dokezo lililobaki ni nguzo. Halafu anamtumia Mzee Njura kule Siakago. Huyo ni mpima ardhi mstaafu, hakuna fumbo linamshinda. Mzee Njura akiridhika anaweka herufi za jina lake hapa chini, ndiyo linakuja kwangu."

"Hapa chini hakuna herufi."

"Hakuna. Na si hilo tu." Maxine alivuta kiti karibu. "Mimi hujaribu kila fumbo kabla ya kupanga ukurasa. Hili lina majibu mawili. Tazama. Kithinji ni wa nne, hiyo ni wazi. Mutegi na Muthomi wanafuatana. Sasa wanaweza kuwa wa kwanza na wa pili, Njoka akawa wa tatu. Ama wakawa wa pili na wa tatu, Njoka akawa wa kwanza. Hakuna dokezo la kuchagua. Nyuki wanaweza kuwa wa Njoka, wanaweza kuwa wa Mutegi. Yote yanakubali."

"Mwalimu amewahi kukosea hivyo?"

"Miaka kumi na moja, hata mara moja. Kuna siku aliamka akatembea kutoka kwake hadi hapa kwa mvua, kurekebisha neno moja kabla halijachapishwa. Na hili ni la watoto, madamu. Ni la watoto!"

"Pengine ni mgonjwa," alisema Kajuju kwa sauti ndogo. "Sukari ikipanda anachanganyikiwa."

Hilo lingeweza kuwa kweli, na Gacheri aliliandika. Lakini mistari ya jedwali haikuwa ya mtu aliyechanganyikiwa. Alitoka nje akampigia Mzee Njura. Sauti iliyojibu ilikuwa tulivu na yenye heshima. Hapana, Mwalimu hakufika kwake. Walikuwa wameongea juu ya kuonana, lakini hakufika, naye alidhani amepata udhuru. Fumbo jipya? Hapana, hajaliona. Lakini kama mama angeweza kufika Siakago, angelitazama kwa moyo wote. Mwalimu ni kama ndugu yake.

"Twende," Gacheri alimwambia Bundi. "Kama kuna mtu anaijua akili ya Mwalimu, ni huyo."

Kajuju aliwafuata hadi kwenye gari akampa Gacheri kile kikasha cha barafu.

Walishuka kupitia Mitunguu, wakaacha nyuma migomba na ukungu, joto likaanza kuingia kupitia sakafu ya gari. Karibu na Ishiara injini ilichemka. Bundi aliegesha kando ya barabara, akafungua boneti, akasubiri ipoe ili aongeze maji. Hapakuwa na kitu pale ila miiba, mawe, na ndege mmoja aliyelia kwa muda mrefu kisha akanyamaza.

"Shika," alisema Gacheri, akimpa nakala ya fumbo. "Usikae bure."

Bundi aliegemea mlango, akatafuta kalamu nyuma ya sikio. Hazikupita dakika tatu.

"Hii ni ya watoto kweli. Njoka, nyuki. Mutegi, mbuzi. Muthomi, kuku. Kithinji, sungura. Imeisha. Huyo Maxine anasumbuka na nini?"

"Nani amekuambia Njoka ni wa kwanza?"

"Si imeandikwa?"

"Wapi?"

Bundi alisoma tena. Alisoma mara ya pili, kidole kikipita juu ya kila dokezo. "Lakini… madamu, babu ni Mzee Njoka. Mjukuu anaitwa Njoka. Sasa ataitwaje Njoka akiwa wa tatu? Hiyo haiwezekani. Kifungua mimba ndiye hupewa jina la baba ya baba. Wa pili anapewa la baba ya mama. Hata mimi, Bundi ni babu yangu. Nikienda kwa nyanya ananiita mume wangu, ananinyima chai nikichelewa."

"Wewe ni Mmbeere."

"Wa hapa hapa Ishiara. Ukitupa jiwe linagonga shamba letu."

"Kwetu Tigania si hivyo," alisema Gacheri polepole. "Mtoto anaweza kuitwa kwa mtu yeyote ambaye nyumba inampenda. Mimi nimeitwa kwa jirani ya mama yangu. Ndiye ntagu wangu, wajina wangu. Alikuwa mwanamke wa kupenda kutembelea watu."

"Ndiyo maana hukai ofisini," alisema Bundi.

Gacheri hakucheka. Alikuwa ameichukua ile karatasi mkononi mwa Bundi na kuikodolea macho.

"Kwako lina jibu moja," alisema. "Kwangu na kwa Maxine lina mawili. Mwalimu ni mtu wa Mikinduri, Mtigania kama mimi, Bundi. Pengo hili analiona kama ninavyoliona mimi. Anatoa dokezo moja moja na kuangalia kama nyumba bado imesimama. Hawezi kuliacha bila kujua."

"Kwa hivyo aliliacha makusudi?"

"Kuna mtu alikuwa anasoma kabla ya bahasha kufungwa. Mtu wa kukagua, asije Mwalimu akaficha ujumbe. Mtu huyo alitatua fumbo, akaona jibu moja, akaridhika. Mwalimu aliwaandikia wanaosoma kama mimi, kwa sababu alijua aliyesimama nyuma yake anasoma kama wewe."

Bundi alifunga chupa ya maji bila kunywa. Alitazama barabara walikokuwa wanaelekea.

"Madamu, watu wa kwetu ni wengi."

"Ni wengi, hadi Siakago. Lakini anayekagua mafumbo ya Mwalimu Kaberia ni mmoja."

"Huwezi kumkamata mtu kwa sababu anajua jina la babu yake."

"Siwezi," alikubali Gacheri. "Hata wewe ungefungwa."

Alikaa ndani ya gari, mlango wazi, akaweka daftari juu ya goti. Kwa rula ya Bundi ya kupimia mafuta alichora jedwali, kisha akanakili fumbo lote kwa mwandiko wake, dokezo baada ya dokezo. Bundi alichungulia juu ya bega lake.

"Umekosea ya tano. Mwalimu amesema mfuga kuku ni mdogo wa mfuga mbuzi. Wewe umeandika mkubwa."

"Sijakosea," alisema Gacheri.

Kisha akapiga simu mbili. Moja kituo cha Siakago, akawaomba askari wawili wasubiri kwenye njia panda na wasionekane. Nyingine hospitali ya huko huko, akamwomba daktari wa zamu, kwa upole wote aliokuwa nao, asiende chakula cha mchana leo. Daktari alisema hakuwa amepanga kwenda.

Boma la Mzee Njura lilikuwa nadhifu kuliko ofisi nyingi. Kando ya njia palikuwa na mawe yaliyopakwa chokaa, kila jiwe hatua mbili kutoka kwa jirani yake. Ndengu zilikuwa zimeanikwa juu ya turubai, zimetandazwa mraba kamili. Mbuzi walikuwa zizini, na nyuma ya zizi kulikuwa na stoo ya mawe yenye mlango wa bati. Hakukuwa na mtoto, wala mwanamke, wala mbwa.

"Karibu, mama. Karibu, kijana. Poleni na jua." Mzee Njura alikuwa mrefu, mwenye mikono safi na kucha zilizokatwa vizuri. Alimpangusia Gacheri kiti kwa leso yake mwenyewe, akaweka mto juu yake. Alimletea Bundi maji baridi kwenye glasi, kisha akasogeza kiti chake kivulini ili asichomwe na jua. Alifanya yote hayo bila haraka, kama mtu anayependa wageni. "Nimekosa usingizi kwa ajili ya Mwalimu. Kuna habari?"

"Kidogo. Ameleta fumbo." Gacheri alitoa karatasi ya daftari. "Nimelinakili, kwa sababu lile lenyewe ni ushahidi. Mwandiko wangu mbaya, utanisamehe."

"Mwandiko ni mwandiko. Lete."

Alichukua karatasi. Macho yake yalishuka kwa mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu, kisha yakapita chini haraka, na Gacheri aliona mabega yake yakilegea. Njura alichonga penseli kwa wembe, akaanza kujaza. Ekisi, ekisi, tiki. Alijaza kama mama anavyochambua mchele, bila kufikiri, vidole vikijua njia. Alipumzika mara moja, akakuna kidevu, akatazama juu kama anayewaza. Kisha akamaliza.

"Njoka ni wa kwanza, nyuki. Mutegi wa pili, mbuzi. Muthomi wa tatu, kuku. Kithinji wa mwisho, sungura. Lina jibu moja, na ni safi. Sioni shida yoyote hapa, mama."

"Njoka kuwa wa kwanza, umepata kwa dokezo la ngapi?"

Njura alicheka kwa wema. "Hilo halihitaji dokezo. Jina linasema. Muulize kijana wako."

"Ameshaniambia. Na hili la kuku?"

"Hilo ni la tano."

"Nisomee la tano, mzee wangu. Macho yangu mabaya."

"Mfuga kuku," alisoma Njura, "ni mkub…"

Sauti ilikatika. Mbuzi mmoja alikohoa zizini. Bundi aliweka glasi chini, taratibu sana.

"Ni mkubwa wa mfuga mbuzi," alimalizia Gacheri. "Kwa karatasi iliyo mkononi mwako, kuku ni wa Mutegi na mbuzi ni wa Muthomi. Mtoto wa darasa la sita angeona. Wewe umetatua fumbo ambalo sikukupa. Lile lenye 'mdogo' liko ndani ya bahasha, na bahasha imeonwa na wanawake wawili wa Mikinduri, na sisi wawili. Umeniambia kwa simu hujaliona."

"Nimekosea kusoma. Ni uzee."

"Maxine anasema hakuna fumbo linakushinda."

Hilo lilimgusa. Njura alinyoosha karatasi juu ya meza, akaisawazisha pembe zake nne na pembe za meza. Nyuma yake, juu ya rafu, palikuwa na rundo la karatasi zilizopigwa chapa, na juu yake jalada la kadibodi: *Mafumbo Hamsini ya Jedwali. Yametungwa na N. Njura.* Gacheri alikuwa ameliona tangu alipoketi.

"Hamsini ni mengi," alisema. "Umetunga mangapi?"

Njura aligeuka akalitazama jalada.

"Mangapi ni yako, mzee?"

"Nimeyatatua yote," alisema Njura. Sauti yake haikuwa ya hasira. Ilikuwa ya mtu anayeeleza jambo kwa mara ya kwanza. "Miaka kumi na moja. Kila moja lilipita kwenye meza hii. Mara ngapi nimemwambia, hapa pamelegea, hapa paongezwe? Mchapishaji wa Nairobi alikuja, akaniuliza kama naweza kuandika kitabu. Aliniuliza mimi. Nikasema ndiyo. Nikakaa hapa mwaka mzima, mama. Najua kila njia ya kuingia ndani ya fumbo na kutoka. Kulijenga, sijaweza hata moja. Yanabomoka mkononi."

"Kwa hivyo ukamwalika."

"Nilimwomba kumi na mawili tu. Kumi na mawili yaliyobaki! Alikataa. Akasema ataliandikia gazeti, aseme mafumbo ni yake."

"Yuko wapi?"

"Anafanya kazi," alisema Njura.

Bundi alisimama. Gacheri alimzuia kwa kidole kimoja. Alihitaji sentensi mbili tatu zaidi, na alijua zikikatwa sasa hazitarudi.

"Umemtunza?"

"Vizuri sana." Njura alionekana kuumia kwamba ameulizwa. "Mimi si mnyama. Ana kitanda, ana blanketi langu la sufu, ana taa. Kila asubuhi nampikia uji mwenyewe. Naweka sukari vijiko vinne. Mtu anayefikiri anahitaji nguvu."

Gacheri alisogea ukingoni mwa kiti.

"Alikuomba dawa?"

"Aliomba. Tangu Jumatatu anasema dawa, dawa. Niliona ni mbinu ya kutoka. Huyo ni mtu wa mbinu, mama, huwezi kumwamini. Na maji alikuwa anakunywa ndoo nzima kwa siku, nikamletea tu, sikumnyima."

"Mara ya mwisho kuongea nawe ni lini?"

"Jana mchana." Njura alipunguza sauti, kama aliye karibu na chumba cha mtihani. "Tangu wakati huo amenyamaza. Sijamsumbua. Mtu akitunga hasumbuliwi."

Gacheri alikuwa ameshavuka turubai kuelekea stoo, ndengu zikitawanyika chini ya viatu vyake. Nyuma yake alisikia filimbi ya Bundi na askari wa Siakago wakikimbia kutoka njia panda. Kufuli la stoo lilikuwa jipya. Ufunguo ulikuwa umetundikwa kwenye msumari kando ya mlango, chini ya kitambaa safi.

Ndani kulikuwa na joto la tanuri. Kitanda kilikuwa kimetandikwa. Juu ya meza ndogo karatasi zilikuwa zimepangwa, penseli tatu zimechongwa, bakuli la uji limejaa, limeganda juu. Mwalimu Kaberia hakuwa kitandani. Alikuwa sakafuni, mgongo ukutani, miguu imenyooka, kidevu kifuani, na kwa muda wa pumzi moja Gacheri alidhani wamechelewa.

Kisha akamsikia. Alikuwa anapumua kwa nguvu na kwa haraka, kama mtu aliyepanda mlima, na pumzi yake ilinuka ndizi zilizoiva kupita kiasi. Gacheri alipiga magoti, akamshika uso kwa mikono miwili. Ngozi ilikuwa kavu na ya moto.

"Mwalimu. Mwalimu Kaberia. Mimi ni Gacheri, nimetumwa na Kajuju."

Hakuna kitu.

"Bundi! Leta gari hadi hapa mlangoni, na kile kikasha cha dawa! Mpigie daktari, mwambie ni sukari, amezimia, pumzi ni ya kasi. Mwambie tuko naye dakika kumi!"

Bundi alikuwa ameshavua koti lake, akaliweka chini ya kichwa cha mzee kwa upole kama anayelaza mtoto, kisha akatoka mbio. Gacheri aliita tena, mdomo karibu na sikio, kwa Kimeru, kama anavyoitwa baba nyumbani. Alipoita mara ya tatu kope zilitikisika. Au alitaka sana zitikisike. Hakuweza kujua.

Kivuli kilifunika sakafu. Alitazama juu. Askari wawili wa Siakago walikuwa wamemleta Njura hadi mlangoni, mikono yake imefungwa mbele. Alisimama wima, safi, shingo yake ndefu imenyooka kuelekea ndani. Hakumtazama mtu aliyelala chini. Alikuwa anatazama juu ya meza, kwenye karatasi ya mwisho, jedwali lililochorwa nusu na visanduku vyake vitupu.

"Amemaliza?" aliuliza.